Mti Ule Pichani Si Mvule

Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nisahihishe maelezo yaliyoandikwa chini ya picha moja katika makala yenu ya hivi karibuni kuhusu miti mikubwa ya misitu ya tropiki. Picha ilionyesha mti mrefu wenye shina la kijivu lililokaribia weupe, na maelezo yake yalisema kwamba huo ni "mvule, mkuyu wa msituni usiozaa matunda". Maneno hayo ni machache, lakini ndani yake mna makosa matatu: la jina, la ukoo na la uzazi. Nimefanya kazi ya kuhesabu na kupima miti msituni kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na makosa hayo nayafahamu vizuri kwa sababu mawili kati yake nimewahi kuyafanya mwenyewe.

Nianze na ukoo, kwa sababu hapo mwandishi wenu alikuwa karibu na ukweli kuliko kwingine. Mvule, ambao wataalamu wa mimea huuita Milicia excelsa, umo katika familia ya Moraceae, yenye spishi zaidi ya 1,100 duniani, na zaidi ya 750 kati ya hizo ni za jenasi moja tu ya Ficus, yaani mikuyu, mitini na ndugu zao. Humo humo wamo mforosadi, mfenesi na mshelisheli. Kwa hiyo kusema kwamba mvule una undugu na mkuyu ni sahihi kabisa, ila kuuita mkuyu ni sawa na kumwita mtu kwa jina la binamu yake kwa kuwa pua zao zinafanana. Tofauti kubwa iko kwenye maua. Tunda la mkuyu ni kifuko kilichofumba, maua yake mamia yamejificha kwa ndani, na nyigu wadogo mno hupenya kwenye kitundu kilichoko nchani ili kuyachavusha. Mvule hauna kifuko cha namna hiyo. Maua yake yako nje, yamepangana kwenye vishada vinavyoonekana wazi, na chavua yake huchukuliwa na upepo.

Ukitaka kujua ndugu wa karibu zaidi kwa sura, tazama mforosadi. Friedrich Welwitsch, Mwaustria aliyekusanya mimea Angola katikati ya karne ya 19, alipouelezea mti huu kwa jina la kisayansi mwaka 1869 aliuita Morus excelsa, yaani forosadi refu, na anayelijua tunda la mvule hawezi kumlaumu. Baadaye ulihamishiwa kwenye jenasi ya Chlorophora, na ndiyo maana vitabu vingi vya zamani vya mbao bado vinaandika Chlorophora excelsa. Kisha mwaka 1982 mtaalamu wa Uholanzi, Cornelis Berg, ambaye alitumia maisha yake kuichambua familia hii, akauweka kwenye jenasi ya Milicia ulipo hadi leo. Nayataja majina haya kwa sababu msomaji anayetafuta habari za mvule anaweza kukutana na majina matatu akadhani ni miti mitatu.

Sasa nije kwenye picha yenyewe. Niliitazama kwa lenzi nikaona mambo mawili ambayo mtu aliyeandika maelezo hakuyaona, au aliyaona akayapuuza. La kwanza ni gome: lilikuwa laini, jeupe-kijivu, lenye vidoadoa na mikunjo ya mviringo iliyolizunguka shina kama pete za pipa. La pili lilikuwa chini, kwenye majani makavu yaliyotandaa karibu na mizizi, ambako palikuwa na vitu vyekundu vidogo, vya mviringo, vilivyosambaa. Gome la mvule mzima halina ulaini ule. Likiwa changa huwa la kijivu hafifu, lakini kadiri mti unavyozeeka huelekea kuwa la kahawia au karibu jeusi, hukwaruza mkononi, na hubanduka vipande vidogo vidogo kama magamba, ingawa ni nadra kupasuka mifereji mirefu. Wala mvule haudondoshi kitu chochote chekundu. Mti uliopo pichani, kwa kadiri picha inavyoweza kushuhudia, ni Antiaris toxicaria, mwana mwingine wa familia hiyo hiyo ya mkuyu, ambao kule Asia ya kusini-mashariki utomvu wake ulipakwa kwenye vishale kama sumu, na ambao katika Afrika una namna zake, mojawapo ikiwa imepewa jina la milima ya Usambara.

Mwandishi wenu asijisikie vibaya. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado kijana katika kikundi cha kupima miti, nilisimama chini ya mti wa namna hiyo hiyo mchana wa jua kali, nikaokota jani pana lenye meno ukingoni, nikalisugua kwa kidole likakwaruza, nikaandika "mvule" kwenye daftari bila hata kuinua shingo. Kiongozi wa kikundi, mtu mzima asiyependa kelele, hakunigombeza. Alikata kijiti kibichi kutoka kwenye chipukizi lililoota ubavuni mwa shina, akakielekeza chini ili tone la utomvu lianguke juu ya leso yake nyeupe, akaniambia nikae nalo. Tone lilikuwa la rangi ya maziwa yaliyokoza. Tuliendelea kupima kipenyo cha miti miwili mitatu, na nilipoitazama tena leso lile tone lilikuwa limegeuka hudhurungi, kama chai iliyomwagika. "Huyu ni mwingine," alisema, kisha akanionyesha chini ya majani makavu tunda moja dogo jekundu, lenye ngozi kama mahameli na mbegu moja tu ndani. Nilifuta jina kwenye daftari. Leso ile haikutoka doa.

Utomvu ndio mwanzo wa kila utambuzi katika ukoo huu, lakini ni mwanzo tu, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu nimekuta watu wengi, hata wenye elimu, wakiamini kwamba kila mti unaotoa maziwa ni jamaa ya mkuyu. Familia kadhaa za miti ya tropiki hutoa utomvu mweupe. Namna ya kuzitenganisha ni kutazama jinsi majani yalivyokaa kwenye kijiti. Katika familia ya Apocynaceae, ambayo ina miti mingi yenye maziwa tele, majani aghalabu hukaa mawili mawili yakitazamana, au matatu na zaidi yakizunguka mahali pamoja. Katika ukoo wa mkuyu majani karibu daima hupishana: moja huku, linalofuata kule. Kisha tazama ncha ya kijiti. Mkuyu huwa na jani dogo mfano wa kofia iliyochongoka linalolifunika chipukizi. Kofia hiyo ikidondoka huacha kovu jembamba linalozunguka kijiti chote kama pete. Mfenesi nao una pete ya namna hiyo, kwa hiyo pete peke yake haikufikishi kwenye mkuyu, ila inakuambia uko katika nyumba sahihi. Na wale wenye haraka ya kukata miti ili waone maziwa wakumbuke kwamba utomvu wa baadhi ya mimea, hasa ya jamii ya mnyaa, ukiingia machoni unaweza kuyadhuru vibaya. Hakuna haja ya kulikata shina kwa panga. Kikonyo cha jani moja kikivunjwa kinatosha.

Kuhusu majani ya mvule, ugumu wake ni kwamba mti mmoja huvaa mavazi mawili katika maisha yake. Mche na mti mchanga huwa na majani yenye meno madogo madogo ukingoni, yanayokwaruza, yenye vinyweleo. Mti mzima huwa na majani yaliyo karibu laini upande wa juu, ukingo wake ukiwa mzima au umejikunja mawimbi kidogo, bila meno ya kueleweka. Jani huwa na urefu wa sentimita 10 hadi 20 hivi, kitako chake kimeingia ndani mfano wa moyo, na nyuma yake mishipa imejitokeza ikifanya wavu unaoonekana vizuri ukiliinua kwenye mwanga. Tatizo ni kwamba Antiaris nao hufanya hivyo hivyo: una meno ukiwa mchanga na huyapoteza ukikua. Ndiyo maana anayeokota jani moja chini ya mti akalitolea hukumu anacheza bahati nasibu. Kwanza hajui kama jani hilo limetoka kwenye mti huo au kwenye jirani yake, au hata kwenye mmea mtambazi uliopanda juu hadi kileleni. Pili hajui kama limetoka kwenye tawi la juu lililokomaa au kwenye chipukizi la chini ambalo bado lina sura ya utotoni. Mimi hutafuta majani yasiyopungua kumi yanayofanana chini ya mti mmoja, kisha hulinganisha na yale ninayoyaona juu kwa darubini. Yakikataa kulingana, naandika alama ya kuuliza, na alama hiyo si aibu.

Kwa miche ya mvule ipo dalili nyingine ambayo hainifurahishi kuieleza, lakini ni ya kweli. Yuko mdudu mdogo wa jenasi ya Phytolyma, anayejulikana hasa kwa kushambulia mivule, ambaye watoto wake hujichimbia ndani ya vichipukizi na majani machanga. Mmea huvimba mahali pale ukafanya vinundu vya kijani, vinundu vikipasuka huingiwa na ukungu, na ncha ya mche huoza na kufa. Mche hujaribu tena kwa ubavu, na mdudu hurudi. Ukikuta mche wenye utomvu mweupe, majani ya meno yanayopishana, na ncha iliyojaa vinundu vya namna hiyo, una sababu nzuri ya kuufikiria mvule kabla ya kufikiria mti mwingine. Mdudu huyu ndiye sababu kubwa ya mashamba ya mivule mitupu kushindwa sehemu nyingi za Afrika, wakati mivule iliyoachwa kuota kwa kutawanyika kati ya miti mingine huwa na nafasi bora zaidi ya kukua.

Sasa kosa la tatu, lile la kwamba mvule hauzai matunda. Kosa hili lina chanzo chake, na chanzo hicho ni kizuri kukijua. Mivule ina jinsi: mti mmoja huwa dume na mwingine jike, na dume hazai kamwe hata aishi miaka mingapi. Dume huning'iniza vishada vyembamba vyeupe vinavyofikia sentimita 20, laini kama mikia, ambavyo baada ya kumwaga chavua hudondoka na kulifunika eneo la chini kwa takataka nyeupe kwa siku chache. Jike hutoa vishada vifupi, vinene, vya kijani, vyenye nywele nyembamba zilizochomoza pande zote, na hivyo ndivyo vinavyokomaa kuwa tunda. Tunda lenyewe lina urefu wa sentimita 5 hadi 7, ni la kijani hata likiiva, limekunjamana, ni laini na lina nyama. Linafanana na kiwavi mnene aliyelala, au na forosadi lililovutwa likawa refu na kunyimwa rangi yake nyeusi. Mbegu zake ni ndogo sana.

Mtu aliyekulia karibu na mvule dume anaweza kuapa mbele ya mhariri yeyote kwamba mti huo hauzai, na akawa anasema ukweli mtupu kuhusu mti wake. Hata aliyekulia karibu na jike anaweza asiwahi kuliona tunda zuri, kwa sababu popo huwahi. Popo wakubwa wanaokula matunda, wakiwemo wale wenye manyoya ya rangi ya majani makavu wanaosafiri kwa makundi makubwa barani Afrika, huyachuma yangali juu, huruka nayo, na kuzidondosha mbegu mbali na mama yao. Kinachobaki chini ni vipande vilivyotafunwa na kutemwa. Ukiviona vipande hivyo vya kijani asubuhi, vibichi, vyenye mbegu kama chembe za mchanga, umepata ushahidi bora kuliko gome na jani. Anayetaka kujua mti ni upi kati ya hii miwili, mvule na Antiaris, na akaambiwa achague kitu kimoja tu cha kutazama, achague tunda: jekundu dogo lenye mbegu moja kwa Antiaris, la kijani refu lenye mbegu nyingi kwa mvule. Wapo na ndugu wengine wa kuchanganya, kama Treculia africana, lakini huo haumpotezi mtu wakati wa matunda, kwa kuwa hubeba madude ya mviringo makubwa kuliko kichwa cha mtu, mengine yakiwa yameota moja kwa moja kwenye shina.

Umbo la mti kwa mbali ninalitaja upesi tu, kwa sababu limewadanganya wengi. Mvule uliokomaa unaweza kufikia mita 50, shina lake likiwa limenyooka na halina tawi kwa sehemu ndefu ya chini, kisha matawi machache manene hutandaa juu na vitawi vya pembeni huinama kama vinavyochungulia chini. Msituni, ambako vilele vimeshikana, umbo hilo halionekani. Uwandani, mti ulioachwa peke yake huwa na umbo tofauti. Na wakati wa kiangazi mvule hupukutisha majani, jambo linalowafanya wengine waudhani umekufa.

Makala yenu iliongeza pia kwamba mvule ni "msaji wa Afrika". Hilo ni jina la wauza mbao. Msaji wa kweli, Tectona grandis, ni wa asili ya Asia na hauna undugu wowote wa karibu na mvule: majani yake makubwa hutazamana mawili mawili, wala hautoi maziwa. Majina haya mawili yalikaribiana sokoni kwa sababu mbao zote mbili hudumu na hustahimili mchwa. Mbao za mvule huwa na rangi ya manjano zikiwa mbichi, kisha hukolea kuwa kahawia yenye dhahabu zinapokaa kwenye mwanga, na ukizitazama mwisho wa ubao kwa lenzi ya kukuza mara 10 utaona vitundu vikubwa vilivyozungukwa na tishu nyepesi iliyotanuka pembeni kama mabawa. Vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua kwa baadhi ya mafundi, kwa hiyo fundi anayepiga msasa bila kufunika pua na mdomo anajitafutia maradhi. Huko Magharibi ya Afrika mbao hizo hizo huitwa iroko, Ghana huitwa odum, na Kongo kambala. Ni mti mmoja wenye pasipoti nyingi. Mninga, ambao nao huchanganywa na mvule kwenye mazungumzo ya mbao, ni wa jamii ya kunde, na gome lake likijeruhiwa hutoa utomvu mwekundu kama damu.

Lipo jambo moja la mvule ambalo halimo kwenye vitabu vingi vya kutambulia miti, na mimi huliweka katika hesabu zangu kila ninapokuta gogo lililokwisha kuangushwa. Ndani ya shina, hasa mahali palipowahi kujeruhiwa, wakati mwingine huwa na jiwe. Nasema jiwe kwa maana halisi: donge gumu, jeupe au la kijivu, ambalo meno ya msumeno yakilifikia hutoa mlio wa kutisha na kuvunjika. Ni kalsiamu kabonati, yaani chokaa ile ile ya mawe ya chokaa. Mti hutengeneza fuwele za oksaleti, yaani chumvi yenye kalsiamu, kutokana na kaboni uliyoivuta hewani, na kuvu pamoja na bakteria huzivunja fuwele hizo hadi ikabaki chokaa, ndani ya mbao na kwenye udongo unaouzunguka mti, hata kama udongo wa eneo hilo kwa asili yake ni wa tindikali. Kipande cha jiwe hilo kikidondoshewa maji ya limau hutoa povu. Haukuwa uchawi wala jiwe lililopigwa na mtu likamezwa na mti, kama nilivyowahi kusikia ikibishaniwa kwa ukali pembeni mwa gogo. Na undugu unajitokeza tena hapa: mwaka 2025 watafiti walieleza kwamba spishi tatu za jenasi ya Ficus walizozichunguza Samburu, nchini Kenya, nazo hugeuza sehemu ya kaboni kuwa chokaa kwenye mashina yake na ardhini. Kwa hiyo jiwe linaelekeza kwenye ukoo zaidi kuliko kwenye mti mmoja, lakini gogo refu lenye kiini cha kahawia ya dhahabu na jiwe ndani yake haliniachi na mashaka mengi.

Wasomaji wenu walioko au waliowahi kusafiri Afrika Magharibi wanapaswa kuongeza uangalifu mmoja. Milicia excelsa umeenea kutoka huko hadi Ethiopia, na kusini hadi Angola na Msumbiji, lakini kuanzia Senegal hadi Ghana yuko pia dada yake, Milicia regia, ambaye mbao zake huuzwa kwa jina hilo hilo la iroko. Njia rahisi ya kuwatenganisha ni kuhesabu mishipa ya pembeni ya jani: wa kwetu una jozi 10 hadi 22, na yule dada huwa na jozi chache, kama 6 hadi 9. Tofauti hii ina uzito, kwa sababu dada huyo ana eneo dogo zaidi, na katika orodha ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, tathmini ya mwaka 1998 ilimweka kwenye kundi la walio katika hatari, wakati mvule wa kawaida uliwekwa daraja la chini yake, la wanaokaribia hatari. Ukiwahesabu wote kama mti mmoja, mwenye afadhali humficha mwenye shida.

Nimesikia kwamba siku hizi watu huelekeza simu kwenye mti na programu ikawapa jina papo hapo. Sina ugomvi na simu. Yangu nayo ina programu hiyo, na kwa maua ya bustanini hunisaidia. Lakini programu huona kile tu ulichoipa, na mtu akisimama chini ya mti wa mita 40 kitu anachoweza kuipa ni gome. Nimeijaribu kwa mivule miwili iliyosimama karibu karibu, mmoja mchanga na mmoja mzee, ikanipa majina mawili tofauti, na hakuna hata moja lililokuwa sahihi. Nilipoipa jani lililokomaa, mbele na nyuma, pamoja na kipande cha tunda kilichotemwa na popo, ililipata jina la jenasi. Kilichobadilika hapo ni ushahidi niliouleta. Programu ilikuwa ile ile.

Ndiyo sababu ombi langu kwako, Mhariri, linahusu picha zaidi kuliko maneno. Mnapochapisha habari za mti, msiridhike na shina pamoja na mtu aliyelikumbatia ili kuonyesha unene. Mtume mpiga picha apige jani kwa upande wa nyuma, kijiti chenye majani zaidi ya moja ili mpangilio uonekane, na ua au tunda likipatikana, hata likiwa limeoza. Picha hizo hazivutii kama ile mliyotumia ukurasa mzima, nakubali, na pengine zitatosha kuchapishwa pembeni kwa ukubwa wa stempu. Lakini msomaji anayeujua mti ataweza kuwathibitishia jina, au kuwasahihisha kabla jina la uongo halijanakiliwa na wengine.

Kuhusu mti huu mmoja, ikiwa mpiga picha wenu bado anakumbuka uliposimama, naomba arudi. Avunje kikonyo cha jani bichi, adondoshe tone kwenye karatasi nyeupe, asubiri, kisha aokote moja ya vile vitu vyekundu na akipasue kwa kucha. Akikuta mbegu nyingi ndogo badala ya moja, au akikuta kwamba vilivyo chini ni matunda ya mti wa jirani na kwamba juu kwenye matawi kuna matunda ya kijani mfano wa viwavi yanayoning'inia, basi nitakuwa nimekosea mimi, nami nitaandika barua nyingine kukiri.

Wako,
Mpimaji miti mstaafu